Ukame wa Mtu wa Ziwa

Miaka ile ya tisini nilikuwa fundi wa nguo Kibera, na kabla sijajua kwamba macho yangu yanakauka, nilijua kwamba mate yameniisha. Fundi yeyote atakuambia: kabla uzi haujaingia kwenye tundu la sindano, hupitia mdomoni kwanza. Unalowesha ncha, unaibana kwa midomo, inaingia. Mimi nikaanza kutia uzi mdomoni unatoka mkavu vilevile ulivyoingia. Nikalaumu uzi. Nikahama duka la kununulia uzi, na kabla ya kuhama nikamwambia mwenye duka maneno ambayo nikiyakumbuka leo naona haya kidogo. Si haya sana, maana hata bila kosa hilo alikuwa mtu wa kupunja.

Tulikuwa wawili kwenye baraza moja ya mabati karibu na reli: mimi na mwenzangu, mwanamke wa Machakos aliyenizidi umri kidogo na maneno sana. Cherehani zetu zilitazamana, kwa hiyo hakuna alichofanya mmoja mwingine asikione. Alijua habari ya baridi yabisi yangu. Alijua kwamba asubuhi vidole vyangu havikunjiki, kwamba lazima nikumbatie kikombe cha chai kwanza ndipo nishike mkasi, na kwamba kila baada ya miezi miwili nilikwenda hospitali, kliniki ya viungo, kuchukua vidonge.

Hilo la viungo halikuwa siri. Fundi anaweza kuumwa vidole na bado akaaminiwa. Watu husema maskini, anajitahidi. Lakini ikisikika kwamba fundi ana shida ya macho, wateja wanahama kimyakimya wiki hiyohiyo, na mimi sikuwa na kazi nyingine niliyoijua. Bila cherehani ile, pato la mume wangu peke yake lisingetosha mjini, na kilichonisubiri ni kurudi nyumbani ziwani, kukaa jikoni kwa mke wa kaka yangu. Mke wa kaka yangu nilimpenda, ila nilimpenda kwa umbali uleule uliokuwepo.

Kwa hiyo macho yalipoanza kuwasha, nilinyamaza. Nilihisi kama yametiwa mchanga. Nikiamka Kawangware, nilikokuwa nikiishi, kope zimegandana. Nikifika Kibera kwa miguu, na vumbi lote lile la njiani, macho ni mekundu kama ya mnywaji. Majirani wa Kawangware walishakata shauri kwamba mume wangu ananiliza. Mume wangu, mtu anayempisha hata kuku njiani, akaanza kusalimiwa kwa ubaridi pale bombani. Akaniuliza amewakosea nini. Nikamwambia watu wa Nairobi ndivyo walivyo.

Mwenzangu hakudanganyika.

"Wewe fundi, macho yako iko na nini?"

"Moshi."

"Moshi gani, na unapika na stovu?"

"Basi ni vumbi."

Akacheka cheko lake la puani. "Nyinyi watu wa ziwa, tangu nikujue ni kujisifu tu na maji yenu. Samaki huku, mvua kule. Sisi kwetu Ukambani tunachimba mchanga ya mto ndio tupate ya kunywa. Haya, kati yangu na wewe, nani ameletea Kibera ukame?"

Nilimtupia kipande cha kitambaa. Lakini tangu siku ile, bila kuombwa, akawa analowesha uzi wake na wangu, ananipitishia juu ya cherehani huku anaendelea kumsengenya mchungaji wa kanisa lake. Nami nilipokea bila asante, kwa sababu kusema asante kungekuwa kukiri.

Nikaanza kutafuta nafuu kwa siri. Kwanza chai ya rangi iliyopoa, kwa pamba. Kisha mama mmoja wa ploti yetu Kawangware, aliyekuwa na mtoto mchanga, akasema dawa ya macho ni maziwa ya mama, kila mtu anajua. Basi kila asubuhi nikawa nasimama mlangoni kwake ananikamulia kwenye kifuniko cha chupa ya soda. Mtu mzima, nina watoto wanaosoma, napanga foleni nyuma ya mtoto wa miezi mitatu. Na mtoto yule alinitazama kwa namna ambayo nilijua ameshanielewa. Maziwa yalinipoza dakika chache, halafu ikifika saa nne kope zinaanza kunuka mtindi.

Nikaenda mtaa wa Satellite, kwenye duka la dawa ambako hakuna aliyenijua. Kijana wa kaunta hata hakuniuliza swali.

"Sasa mathe. Hiyo macho ni noma. Weka hii, hiyo wekundu itaisha saa hii hii."

Alisema kweli. Nilitia matone mawili nikiwa bado mlangoni, na kabla sijafika kwangu macho yalikuwa meupe kama ya bibi harusi. Majirani wakamrudishia mume wangu salamu zake. Wateja wakasema nimenawiri. Nilijiona mjanja kuliko wote, nikawa natia matone yale mara tatu kwa siku, kisha mara tano, kwa sababu nikikosa kutia, wekundu unarudi na nduguze. Kadiri macho yalivyozidi kupendeza, ndivyo yalivyozidi kukauka na kuuma, nami nikazidi kutoona. Mstari wa chaki niliouchora mwenyewe ulikuwa ukinipotea katikati ya kitambaa. Nikalaumu chaki.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia daktari, na nilikuwa nikikaa mbele yake kila miezi miwili. Ni kwa sababu alikuwa daktari wa viungo. Sisi wa hospitali za serikali tulisomeshwa na foleni: kila ugonjwa na benchi lake. Ukikaa benchi la meno ukataja tumbo, unaambiwa nenda kachukue kadi nyingine uanze upya, na siku imeisha. Basi mimi nilimpelekea daktari vidole na magoti tu, kama mteja anayeleta suruali kupunguzwa. Koti lililobaki nyumbani halimhusu fundi.

Mwisho mwenzangu akanisindikiza kliniki. Alidai anakwenda mjini kununua zipu, lakini nilipoitwa chumbani aliinuka akaingia nyuma yangu kana kwamba sisi ni mgonjwa mmoja. Daktari, mwanamke kijana mwenye haraka, alinibonyeza vidole, akaandika vidonge, akauliza kama kuna lingine. Nikasema hakuna.

"Daktari," mwenzangu akasema, "huyu hana mate."

Daktari akaiweka kalamu chini. "Hana mate?"

"Hana. Ni mimi namwekea uzi mate. Na machozi pia hana. Hata kitunguu haimlizi."

Nilimkanyaga mguu. Alinikanyaga pia.

Daktari akachukua ukanda mwembamba wa karatasi, akauning'iniza kwenye kope langu la chini, akaniambia nifumbe macho nikae hivyo dakika tano. Sijawahi kukaa kimya kiasi kile mbele ya mwanamke yule wa Machakos, naye aliitumia nafasi vizuri, akamweleza daktari habari za maziwa, za Satellite, na za chaki. Sijui yeye aliambiwa na nani. Karatasi ilipotolewa niliitazama kifundi: maji yalikuwa hayajafika hata nusu ya upana wa kifungo cha shati.

"Kwa nini hukuniambia muda wote huu?" daktari akauliza.

"Hii si ni foleni ya viungo?"

Akajishika paji la uso. Kisha akanieleza taratibu kwamba ugonjwa uleule ulio vidoleni hauna habari ya mabenchi yetu. Mwili umejigeukia, unajishambulia wenyewe, na ukichoka na viungo unakwenda mahali panapotengenezwa machozi na mate. Dawa ya Satellite ilikuwa ikifuta wekundu tu na kuzidisha ukavu. Akaniomba ile chupa, nikaitoa kwenye mkoba, akaitupa. Akaniandikia barua ya kwenda benchi la macho, na matone mengine ambayo hayana ujanja wowote, ni machozi ya kutengenezwa tu. Kila asubuhi nikande kope kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Nigeuze cherehani isielekee upepo. Na nikishona nikumbuke kupepesa, maana mtu akikazia macho sindano husahau.

"Itapona?" nikauliza.

"Haitapona. Lakini utashona."

Nilisikia neno la mwisho tu. Nikaikunja ile barua mara mbili, nikaitia mkobani palipokuwa ile chupa.

Tukageuza cherehani zote mbili, kwa kuwa mwenzangu alikataa kunitazama mgongo. Naye akajiteua mkubwa wa kope zangu. Kila baada ya muda anapaza sauti, "Pepesa!" na mimi napepesa, hata kama tuko na mteja. Mzee mmoja wa mtaa wa Nyayo Highrise aliyeleta suruali aliondoka akiamini nimemkonyeza. Wiki hiyo alileta suruali nyingine tatu, zote nzima.

Nafuu haikuja siku moja. Ilikuja kidogokidogo, mpaka asubuhi moja nikaona nyuzi za kitambaa zilivyopandana, mmoja juu mmoja chini, jambo nililokuwa nimesahau kwamba linaonekana. Mchana wa siku hiyohiyo alikuja mwalimu wa chekechea, mteja wangu, na gauni nililomshonea mwaka uliotangulia. Alikuwa mjamzito, anataka lipanuliwe kiunoni. Nikaligeuza ndani nje.

Kila fundi anaujua mkono wake. Mishono ya pindo ililala kushoto. Mimi hushona kwa mkono wa kulia, yangu hulala kulia. Nikatazama kola. Kando ya mshono ulionyooka palikuwa na matundu ya sindano ya zamani, ya mshono uliofumuliwa, yanapanda na kushuka ovyo. Hayo ndiyo yalikuwa yangu. Na kola ile niliiringia kwa mwenzangu siku nzima.

Nikainua macho. Alikuwa anakata kitambaa, mkasi mkono wa kushoto.

Mwalimu aliondoka, na chai yangu ya saa kumi nikaiacha ipoe. Nilikasirika. Kumbe kila siku nilipofunga mapema niwahi Kawangware kabla ya giza, yeye alibaki kufumua kazi yangu na kuishona upya, na kesho yake ananiacha nipokee sifa.

"Ni nguo ngapi?" nikamuuliza mwishowe.

Hakujifanya haelewi. "Sikuhesabu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Ati unashona kama mtu anafukuzwa na mbwa?"

"Ungechukua wateja basi. Ungeniacha niharibu, wangekuja kwako wote."

Akaweka mkasi chini.

"Wateja ni wengi," akasema. "Sasa wewe ukirudi huko kwa ziwa, hapa mbele yangu angekaa nani?"

Akaushika mkasi tena, akaendelea kukata. Machozi hayakuja, bila shaka. Nililivuta gauni la mwalimu nikalipanua kiunoni kama alivyotaka. Pindo sikuligusa.