Jiwe la Kuanikia Gauni

Mtu akikwambia kwamba ufukwe wa Bukoba ni mahali pa kupumzikia, muulize ana watoto wangapi. Mimi ninaye mmoja, ana miezi saba, na sijawahi kupumzika pale hata dakika. Naenda na beseni, narudi na beseni. Wanaopumzika ni wanaume walioingiza pikipiki zao majini, wanaozisugua kwa upole ambao watoto wao hawajawahi kuuona, na wale korongo wenye vipara wanaosimama karibu na wachoma samaki kama wajumbe wanaosubiri posho.

Lakini siku ninayoichukia hasa ni Jumamosi. Jumamosi ufukwe si wetu, ni wa maharusi. Kila anayefunga ndoa mjini lazima aletwe ziwani apigwe picha, kisiwa cha Musira kionekane nyuma yake, kana kwamba ndoa isiyo na Musira haitafika mwaka.

Jumamosi ninayoisimulia nilikuwa na gauni la ubatizo la mama mkwe wangu. Alilishona mwenyewe, jeupe, la lesi, refu mara mbili ya mtoto. Limebatiza watoto wake wote saba, akiwemo mume wangu, ambaye leo hata kidole gumba chake kisingepita shingoni mwa gauni. Gauni hilo linakaa Muleba, kwenye sanduku. Kwangu lilikuja kwa basi siku ya Alhamisi, ndani ya mkebe wa biskuti uliofungwa kamba kama mfungwa. Na kabla halijafika, simu ilikuwa imeshafika.

"Lifue. Lakini usilifue kwa maji ya bomba, yanafubaza."

"Sawa, mama."

"Maji ya ziwa. Sabuni ya mche, si ya unga. Na usilianike kwenye kamba, litavutika mabega. Litandaze kwenye jiwe. Jiwe lenyewe ulisugue kwanza."

"Sawa, mama."

"Jumapili nikifika kanisani nitalitazama gauni kwanza. Mtoto nitamtazama baadaye."

Hakuwa anatania. Nilipoolewa alinipa kikapu alichosuka mama yake, kikapotea tulipohama Maruku kuja Miembeni. Mpaka leo akinitambulisha kwa watu husema, "Huyu ni mke wa mwanangu, yule wa kikapu." Nikaapa kwamba gauni halitapotea. Sikuwa tayari kuzeeka nikiitwa yule wa gauni.

Ijumaa mvua ikanyesha kutwa. Kwa hiyo ikabaki Jumamosi, na Jumamosi hiyo mume wangu, ambaye angeweza kumshika mtoto, alikuwa na harusi. Binti wa mjomba wake, aliyekulia Mwanza na ambaye mimi sijawahi kumtia machoni, alikuwa anaolewa mjini. Kadi iliyofika kwetu ilikuwa ya mtu mmoja. Mmoja! Nimeuzalia ukoo huo mtoto, halafu wananihesabu kama begi la mkononi. Mama mkwe naye alikuwa harusini humohumo, maana ndiye shangazi wa bibi harusi. Mume wangu akavaa suti, akajipulizia manukato, akaniambia, "Nitakuletea kuku." Nikamwambia aniletee na adabu.

Nikambeba mtoto mgongoni, beseni kichwani, nikashuka ziwani. Nilichagua jiwe pana, nikalisugua mpaka likashangaa. Nikafua, nikasuuza, nikatandaza. Nepi na mashati nikayaanika kwenye mawe ya pembeni. Lile gauni lilipokuwa pale juu, jeupe, nilijiona mwanamke aliyekamilika.

Ndipo tarumbeta zikalia. Magari matano yakapanga mstari kando ya mchanga, na mpiga picha akaja mbio moja kwa moja kwenye jiwe langu.

"Dada, toa nguo zako, zinaharibu picha."

"Na wewe mtoe bibi harusi wako, anaharibu ufuaji."

"Dada, haya ndiyo mawe ya kupigia picha."

"Yameandikwa wapi? Geuza tuone."

Bibi harusi alikuwa ameshavua viatu, vyeupe, visigino virefu kama misumari ya kuezekea, akaviweka juu ya jiwe pembeni ya gauni langu ili aingie majini kidogo. Wasichana wake wakamshikia shela. Nyuma yao lilisimama gari moja la vioo vyeusi, limefungwa kote. Ndani kulikuwa na mtu, nikaona kilemba kikisogea. Nikapaza sauti makusudi:

"Na wewe mkubwa uliyejifungia humo! Badala ya kushuka uwafunze watoto wako adabu, unaogopa upepo utakuondolea kilemba!"

Kilemba hakikujibu. Msimamizi wa bibi harusi, msichana mpole, ndiye aliyekuja. "Waitu dada, tunaomba dakika tano tu."

Mtu akinibembeleza kwa Kihaya, akiniambia waitu, nalegea, ndiyo kasoro yangu. Nikaondoa nepi na mashati. Gauni nikaliacha, kwa sababu lilikuwa bichi na kulikunja likiwa bichi ni kosa jingine kwenye orodha ya mama mkwe. Mpiga picha akasema halionekani, liko nyuma ya gauni la bibi harusi. Wakati huohuo nikahisi joto likishuka mgongoni mwangu, na harufu. Mwanangu alikuwa amefanya kazi yake yote ya siku mbili kwa mara moja. Nikaenda naye pembeni majini, nikamwosha yeye, nikaosha mbeleko, nikajiosha mgongo ninapofika.

Niliporudi, magari yalikuwa yanaishia barabarani. Juu ya jiwe langu hakukuwa na gauni. Kulikuwa na viatu vya bibi harusi.

Nikaelewa papo hapo. Wale wasichana walikuwa wameitwa haraka, wakakusanya kila cheupe walichokiona juu ya mawe, shela, glovu, gauni langu, isipokuwa kitu kimoja walichotakiwa kukusanya. Nikapiga simu ya mume wangu. Ikaita mpaka ikachoka. Nikaacha beseni kwa mchoma samaki, nikavikamata viatu, nikasimamisha bodaboda.

"Nipeleke harusini."

"Harusi ipi, mama? Leo ziko nne."

"Yenye bibi harusi asiye na viatu."

Akafuata tarumbeta. Tarumbeta za kwanza zilitupeleka ukumbi ambao sio. Nikaingia nimeinua viatu juu, mtoto mgongoni, mgongo umelowa, nikapita meza hadi meza mpaka mbele. Bibi harusi wa pale akanitazama, akatazama viatu, akavuta miguu yake chini ya kiti. Alikuwa na vyake. Emsii akatangaza kwenye spika, "Tunamkaribisha mama mwenye zawadi ya viatu!" Watu wakapiga makofi. Nilitoka kinyumenyume.

Ukumbi wa pili ndio wenyewe, nilijua nikiwa bado barabarani. Wimbo wa kuingilia maharusi ulikuwa unapigwa, ukaisha, ukaanzwa tena. Bwana harusi alikuwa mlangoni peke yake akitoa jasho. Lile gari la vioo vyeusi lilikuwa limeegeshwa mlango wazi, bibi harusi amekaa ukingoni mwa kiti analia, miguu nje. Msimamizi wake alikuwa anairudia rangi ya kucha iliyokwanguliwa na mawe, rangi nyekundu ya kuwaka. Na mama mmoja wa kilemba alikuwa amepiga magoti chini, anafuta mchanga na matope kwenye nyayo kwa kitambaa cheupe. Anasugua kwa bidii, vidole vyote na katikati ya vidole.

Kitambaa kilikuwa na lesi.

"Mama!" nikapiga kelele.

Mama mkwe wangu akainua uso. Miwani hakuwa nayo, alikuwa ameivua kwa ajili ya picha. Akanikazia macho. "Hii sauti," akasema. "Hii sauti nimeisikia kule ziwani. Nikajiuliza, huyu mwanamke hana mama mkwe wa kumfunza?"

"Ninaye, mama. Ameshika gauni la ubatizo."

Akatazama mikono yake. Akatoa miwani kwenye mkoba, akaivaa polepole, akaliinua gauni akalikunjua. Upande mmoja ulikuwa mchanga, upande mwingine matope, na kwenye pindo, alama nne nyekundu za vidole vya bibi harusi. Wimbo ukaisha tena, ukaanzwa tena.

"Ulilianika wapi?" akauliza mwisho, taratibu.

"Kwenye jiwe, mama. Kama ulivyosema. Jiwe nililisugua."

Akanyoosha mkono. "Lete viatu."

Bibi harusi akavaa, akaingia, watu wakapiga vigelegele. Mama mkwe hakuingia. Alinishika kiwiko, tukapanda bodaboda ileile wote watatu, kilemba kikipepea, mpaka Miembeni kwangu. Pale akavua mapambo yake, akafunga kitenge, akaomba beseni nikakumbuka liko kwa mchoma samaki, akatumia ndoo. Alifua kwa maji ya bomba. Alitia sabuni ya unga, akaongeza dawa ya madoa. Akalianika kwenye kamba, kwa vibanio vinne. Mimi nilikaa kimya nikinyonyesha. Kuna raha ambazo mtu hatakiwi kuzisemea.

Matope yalitoka. Ile nyekundu haikutoka.

Jumapili, misa ya kwanza, mwanangu alilia kutoka mlangoni mpaka kwenye maji, na kwenye maji akanyamaza kwa mshangao. Baada ya misa ndugu wakatuzunguka kumshika. Wifi yangu mkubwa, mwenye macho ya kutafuta, akalivuta pindo. "Heh! Na haya madoa mekundu?"

Nikaliona jina langu jipya likija. Mama mkwe akalichukua lile pindo, akalikunja ndani, akalilaza vizuri kwenye miguu ya mtoto.

"Hayo ya zamani," akasema. "Ni ya baba yake. Siku ya ubatizo wake alikuwa msumbufu, akajipaka nyanya."

"Mimi?" mume wangu akasema. "Nilikuwa na wiki tatu!"

Tulimtazama wote wawili, mimi na mama yake, kwa wakati mmoja. Akafunga mdomo. Na yule kuku, kwa taarifa yenu, hakumleta.