Mali Yote ya Dustu

Shamba la Galilahi lilichomwa na askari wa Kizungu mara mbili, na mara mbili akalipanda upya: mahindi, maharage, maboga. Hapakuwa na Mcherokee wa Mto Hiwassee, kule Marekani, aliyethubutu kumwambia kuwa ardhi ile si yake. Aliipata kwa mama yake, mama kwa bibi. Hata mumewe, Dustu, aliingia pale na bunduki begani, akakaribishwa kama waume wote wa Kicherokee wanavyokaribishwa kwa wake zao.

Kisha wapimaji wa serikali wakapita wakichanja miti kwa shoka kuonyesha mpaka: Wazungu ng'ambo ile, Wacherokee huku. Mwaka haujaisha, mlowezi mmoja aitwaye Pruitt akavuka, akajenga kibanda katikati ya mahindi. Alipofokewa, alitoa karatasi yenye alama ya Dustu. Alikuwa amelinunua shamba kwa farasi mmoja!

"Dustu, umeuza nini wewe?"

"Alisema mwanamume ndiye mwenye nyumba, mke wangu. Nikaona haya kumwambia sina kitu."

"Haya zako hizo tutazila masika?"

Galilahi alikasirika. Asubuhi alifunga mzigo, akaubeba mgongoni hadi ngome ya askari, Dustu akimfuata nyuma. Kapteni wa pale alikuwa na amri ya kuwatoa walowezi waliovuka mpaka. Lakini mwenda mbio huwahi, na Pruitt alikwisha kufika na karatasi yake.

Mkalimani alikuwa Wesa, mtoto wa dada yake Galilahi.

"Mwambie huyu mama," kapteni alisema, "mvamizi ningemtoa leo hii. Huyu amenunua kwa mwenyewe."

Galilahi akautua mzigo, akaufungua mbele ya buti za kapteni. Mlikuwa na blanketi, kiko, mitego miwili, viatu vya ngozi na pembe ya baruti.

"Wesa mwanangu, mwambie mali yote ya Dustu ndiyo hii. Alitafute shamba humo."

Askari waliangua kicheko. Wesa hakucheka, kwa kuwa alijua maana yake.

"Kwetu, bwana, mke akitoa vitu vya mume nje, ndoa imekwisha. Mume huondoka na vyake. Nyumba na shamba ni vya mke."

Kapteni akamgeukia Dustu. "Kweli hayo?"

"Kweli," alisema Dustu, macho chini. "Shamba ni lake."

Pruitt akapewa siku tatu za kubomoa kibanda.

"Na farasi wangu je?"

"Mdai uliyempa," alijibu kapteni.

Nje ya lango Dustu aliufunga mzigo wake, akajitupia blanketi begani, akatabasamu kwa aibu. "Umewaweza, mke wangu! Haya, twende nyumbani."

Galilahi alimpenda mtu yule, miaka tisa. Alimtengenezea blanketi begani, lilikuwa limekaa upande.

"Nyumbani kwako ni kwa mama yako, Dustu."

Galilahi alilia njiani bila kujificha, wala hakupunguza mwendo.