Karatasi Niliyoibeba Miezi Minne

Saa tano asubuhi, kwenye foleni ya hospitali mjini Machakos, niliteleza kutoka kwa benchi nikaanguka. Tumbo lilikuwa gumu kama mbao. Nilisikia muuguzi akipiga kelele, "Huyu mama hana presha! Leteni kitanda!" Mimi Syombua, ambaye nimevunja kokoto tangu nizae kifungua mimba, nilikuwa nakufa nikingoja kuitwa jina.

Wacha nirudi nyuma, nyinyi wa nyumbani mjue nilifikaje hapo.

Kwetu Kola, miezi minne kabla ya siku hiyo, uchungu ulinishika chini ya mbavu za kushoto ukapanda mpaka begani. Nikaenda kwa Mulwa, mwenye kliniki hapo sokoni. Akanituma mjini nipigwe picha ya tumbo. Niliporudi na bahasha, akaitoa karatasi nusu, akairudisha.

"Vidonda vya tumbo, Mwaitu," akaniita mama kwa Kikamba. "Wacha maharagwe."

"Na bega?"

"Bega ni nyundo! Hata hiyo nyundo ingekuwa na mdomo ingelalamika."

Watu wa benchi wakacheka. Hata mimi nikacheka, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Niliishia darasa la nne, Kizungu cha hospitali sikijui. Bahasha nikaitia kwa kiondo. Nikameza dawa za vidonda, nikajinyima isyo, yale mahindi na maharagwe yenye nimekula tangu utotoni. Mpaka asubuhi moja nyundo ikanishinda kuinua, mume wangu Kioko akanipakia kwa pikapu ya jirani.

Machakos, baada ya kuongezwa damu, nilifungua macho nikaona daktari msichana, jina lake Wanza.

"Mama, ulishawahi kupigwa picha ya tumbo?"

Kioko akamwaga kiondo chote kitandani. Wanza akasoma, akasoma tena.

"Iko hapa. Mshipa unaopeleka damu kwa wengu umevimba kama puto. Wameandika ufanyiwe skani haraka."

"Haraka ya lini?"

"Ya miezi minne iliyopita, Mwaitu."

Skani ikaonyesha puto limeshaanza kuvuja, damu imejikusanya nyuma ya tumbo. Likipasuka kabisa, akasema Wanza, hakuna wa kunirudisha. Ambulensi ikawashwa hapo hapo.

Nairobi, alasiri hiyo, daktari wa mishipa alitaka kunilaza usingizi.

"Usinilaze. Nataka kuona."

"Wanaume wazima huniomba niwalaze, mama!"

"Hao hawajazaa saba."

Akacheka, halafu akaniambia ukweli: mimba nyingi huweza kulegeza mshipa huo. Basi, nikamwambia, ugonjwa huu nimeupata kwa kazi ya heshima. Akanichoma ganzi kwa kinena, akapenyeza mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka tumboni. Kwa skrini nikaliona lile puto, kubwa kama yai la kanga. Akalijaza nyaya laini zinazojikunja kama springi, akaziba mbele na nyuma. Damu ikakosa njia ya kuingia. Sikutikisika hata kidole.

Kola, wiki ya pili, nilishuka barabarani nikapanda kilima chetu kwa miguu yangu, Kioko nyuma amebeba kiondo. Wanawake wa kokoto walisimamisha nyundo zote. Nimejifunza moja: hakuna karatasi itaingia tena kwa kiondo changu kabla haijasomwa mbele yangu, neno kwa neno.

Siku ya soko nikaenda kwa Mulwa. Benchi lilikuwa limejaa. Nikamnyooshea ile karatasi.

"Soma."

"Mwaitu, ingia ndani tuongee."

"Hapana. Ulinichekea hapa, nijibu hapa. Ulisoma ukanyamaza, ama hukusoma?"

Akafunga mlango. Benchi halikucheka.

Mulwa, mshipa wangu umezibwa, mdomo wangu haujazibwa. Karatasi bado niko nayo, na kila siku ya soko nitaketi kwa benchi lako mpaka ufungue huo mlango. Ulisoma, ama hukusoma?