Kona Isiyotaka Kufunga

Watu wa mtaa walimwita Kiguu, kwa kufupisha kiguu na njia, ingawa hakuwa msafiri. Safari zake zote zilikuwa ndani ya karakana: kutoka benchi hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi ukutani palipoegemezwa mbao, kisha kurudi benchi kuangalia kama gundi aliyoipaka muda si mrefu ilikuwa imeshika. Alikuwa fundi wa fremu za picha, mtoto wa fundi wa fremu, na wiki ile hata chai aliinywa amesimama, jicho likiwa barabarani.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la kaka yake.

Tangu ujana wao walikuwa wakifanya kazi pamoja katika karakana aliyowaachia baba. Kiguu alikata mbao, kaka akaranda ncha zake na kuziunga. Mpango huo haukujadiliwa. Ulizoeleka tu, kama watu wanavyozoea upande wa kitanda. Kisha kaka akaja na shauri la kuuza fremu za plastiki, zinazotoka kiwandani zikiwa zimekwisha kung'arishwa, za kukata na kubandika tu. Kiguu alimwambia kwamba heri afungue genge la nyanya. Kaka akajibu kwamba nyanya angalau hununuliwa. Maneno yakazaa maneno, hadi siku moja kaka akabeba nusu ya vifaa na kuvuka barabara.

Katika mgawo huo Kiguu alibaki na sanduku la kona, kile kisanduku kilicho wazi juu na miishoni, chenye mikato ya mshazari ya kuongozea msumeno. Kaka alichukua kibao cha kurandia, ambacho ncha ya ubao hulazwa juu yake, ikapitishwa randa mara mbili tatu ili iwe laini kabla ya kuungwa. Vyote viwili vilichongwa na baba kwa mkono wake. Kiguu aliona amepata fungu lililo bora. Nani asiyejua kuwa kazi ya fremu ni kukata?

Sasa mama yao alitaka fremu.

Picha ya marehemu mumewe ilikuwa katika fremu iliyoliwa na dumuzi hadi ukiigusa inamwaga unga. Keshokutwa angepelekwa hospitali kupasuliwa mtoto wa jicho. Daktari alikuwa amesema huenda akaona vizuri baadaye, na mama hakulipenda hata kidogo neno hilo huenda. Alitaka amwone mumewe akiwa ukutani wakati bado anao huo ukungu wa kuonea, kwa sababu ukungu, alisema, ni mali yake tayari, na hayo mengine ni ahadi ya watu. Mbao aliichagua mwenyewe: ubao wa mbele wa benchi la zamani la baba. Aliongeza kwamba hataki kuona puti, ule udongo wa kuzibia nyufa, kwenye kona. Kiguu alijua kwamba hapo hakukuwa na ujanja, kwa maana mama alikuwa mke wa fundi, na kidole gumba chake kilikagua kona tangu macho yake yakiwa mazima.

Kiguu akakata. Kona tatu zilikaa, ya nne ikaacha ufa upande wa ndani, mwembamba kama unywele. Akalegeza zile tatu ili kuibana ya nne, na ufa ukahamia ya pili. Akapiga msasa, ukapanuka. Akakata upya, na upya tena, na kila mkato uliufupisha ubao, hadi akafika mahali ambapo akikata mara moja zaidi fremu itakuwa ndogo kuliko picha. Wapo mafundi ambao hapo huchukua mkasi na kupunguza picha. Baba alikuwa akiwaita mafundi hao vinyozi.

Alirudi mlangoni. Ng'ambo, kaka alikuwa amekaa juu ya kigoda chake kwa utulivu uliomkera. Wazo la kijinga likampitia Kiguu kwamba kaka ameifanyia fremu ile uchawi, halafu akajionea haya, halafu likampitia tena.

Alimkumbuka baba alivyozoea kuwasimulia, akiwa ameshika msumeno, kwamba zamani sana, katika nchi za mbali, mchoraji alichora juu ya ubao mmoja, na fremu ilikuwa ni ukingo wa ubao uleule, ulioachwa umeinuka huku katikati pakichimbwa. Picha na fremu vilikuwa mwili mmoja. Baadaye watu wakataka fremu ya kuvuliwa na kuvikwa, wakaanza kuunga vipande vinne. Baba alimalizia hivi kila mara: hapo ndipo fundi wa kwanza alipokosa usingizi.

Kilichomfikisha Kiguu kwenye jambo alilolifanya asubuhi ile haikuwa hekima. Alikuwa amechoka tu kutembea. Alichana ukurasa wa kalenda, akaukunja ukingo wa juu ukalala sawasawa juu ya ukingo wa pembeni, akapata mshazari kamili, ambao hauhitaji kuamini fundi yeyote. Akauingiza ndani ya sanduku la kona, sambamba na njia ya msumeno.

Haukulingana.

Aligeuza karatasi. Akafuta vumbi. Akajaribu mkato wa pili. Sanduku lilikuwa limepinda, si sana, lakini limepinda, na kwa namna mikato ilivyolika laini ilikuwa dhahiri kwamba halikuanza kupinda jana. Alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kwa jina la sanduku hili alimtukana kaka yake. Kwa jina lake aliwaambia wateja kwamba mkono wa baba haukosei. Na zile kona zote zilizofunga miaka yote, zilifungwa na nini?

Miguu yake ilitulia mahali pamoja, labda kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha akabeba sanduku kwapani na vipande vinne vya ubao mkononi, akavuka barabara.

Kaka alimtazama kuanzia viatuni. "Umekuja kununua plastiki, mdogo wangu?"

"Nionyeshe kona zako za mbao," alisema Kiguu.

Kaka aligeuza shingo, na hilo lilitosha. Juu ya rafu nyuma yake kulikuwa na fremu chache za mbao alizojaribu kuzitengeneza peke yake, kwa sanduku jipya la dukani na kibao cha baba. Kiguu aliichukua moja, akapitisha kidole. Puti. Chini ya puti kulikuwa na ufa, lakini huu ulifunguka upande wa nje.

"Nilidhani umeniachia kibao kibovu makusudi," kaka alisema hatimaye, taratibu, akiangalia pembeni. "Nikasema potelea mbali, nibaki na plastiki zangu."

Kiguu akamwomba kibao kile. Akakiwekea karatasi yake iliyokunjwa. Kilikuwa kimepinda pia, kwa kiasi kilekile, upande wa pili.

Miaka yote kosa la kimoja lilikuwa likifutwa na la kingine. Kaka alikilaza kibao mezani, akaweka juu yake kipande kimoja baada ya kingine, akapitisha randa mara mbili kila ncha, kama alivyokuwa akifanya siku zote bila kufikiri. Maranda yaliyotoka yalikuwa membamba kiasi cha kuweza kusoma gazeti kupitia kwayo. Kiguu alibana, kaka akapaka gundi. Kona ya nne ikafunga kimya, bila kulazimishwa.

"Baba alijua?" Kiguu aliuliza.

"Aliharibu sanduku akaona uvivu kulitengeneza upya," alisema kaka. "Akarekebisha kwa kibao. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo."

Kiguu hakuwa na uhakika. Ilimjia kwamba huenda baba hakujua kamwe, kwamba naye aliranda tu mpaka kona ikubali. Jambo hilo lilimsumbua kuliko lile la kwanza, na lingeendelea kumsumbua.

Jioni waliipeleka fremu kwa mama, kila mmoja ameshika ubavu mmoja, wakilaumiana njia nzima kwamba mwenzake anaenda mbio. Mama aliketi, wakamwekea magotini. Kidole gumba kilipita kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, kikakawia kwenye ya nne, kikarudi kuanza upya. Kiguu alikuwa amekwisha kwenda dirishani na kurudi.

"Mmepatana," mama aliuliza, "au mmetumia puti?"

"Hatujapatana, Mama," alisema kaka. "Lakini puti hatukutumia."

"Basi itundikeni."

Wakaitundika. Kiguu alisema imeinamia kulia, kaka akasema ni kichwa chake kilichoinama, na wakaanza tena. Mama aliinuka akipapasa kiti, akapita katikati yao, akausogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akabaki hapo akiangalia.

"Nyamazeni kidogo," alisema.