Sauti ya Dereva Aliyecheza Breki

Mpaka leo nikimsikia mtu anaigiza Kiarabu cha wafanyakazi wa Kiafrika ili watu wacheke, damu inanichemka. Kiarabu kile hakuna aliyezaliwa nacho. Kimetengenezwa hapa hapa Saudia, baina ya anayeamrisha na anayeamrishwa: wewe njoo, wewe osha, mimi mafi jua, halas. Mafi ndiyo "si" na "hapana" yake, halas ndiyo "basi". Bosi msomi anamsemesha dereva wake hivyo, dereva anamjibu hivyo hivyo, kisha bosi anaondoka akiamini kwamba dereva ana akili za mtoto. Kwamba na yeye amezungumza kitoto, hilo halimjii akilini kabisa.

Nilikijua mapema. Babu na bibi yangu walihamia Jidda kutoka Unguja baada ya Mapinduzi, na bibi aliishi mtaa wa Hindawiya mpaka alipofariki. Msahafu aliusoma bila kukwama, lakini Kiarabu cha sokoni kilimpiga chenga. Muuza duka akishamsikia tu anapandisha sauti, kana kwamba bibi ni kiziwi: "Wewe, hajja, taka nini?" Bibi alinunua vitunguu vyake kimya. Tukifika nyumbani alimsema yule bwana kwa Kiswahili cha Ng'ambo ya Unguja, mpaka tukashika mbavu kwa kucheka. Mimi nilicheka, lakini kinyongo nilibaki nacho.

Kwa hiyo nilipotakiwa kutengeneza filamu fupi ya kumalizia masomo, nilijua naenda wapi. Kulikuwa na Wakenya waliocheza breki dansi mtaa wa Karantina kila Ijumaa mchana, nyuma ya ghala la mafriji. Walikunjua maboksi ya friji, wakayaunganisha kwa selotepu, na hapo ndipo palikuwa ukumbi wao. Mama alikubali kwa sharti kwamba kaka yangu afuatane nami. Kaka akakabidhiwa maikrofoni, akaishika kwa kununa, na Ijumaa iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote. Wachezaji walikuwa Wakristo, ila adhana ya alasiri ikianza tu spika inazimwa, wanakaa juu ya maboksi kunywa maji mpaka sisi turudi kutoka msikitini.

Kinara wao alikuwa dereva wa familia moja ya Rawdah, mtaa wa wenye nazo. Mtu wa kujipenda: hakubali kamera iwashwe kabla hajachana ndevu. Alikuwa na kofia ya sufu iliyochakaa utosini kwa kuzungukia kichwa, na akizunguka miguu yake mirefu ilipita hewani taratibu kuliko nilivyotegemea, kisha anaganda ghafla, mkono mmoja chini, uso umetulia. Wenzake walimzomea kwa mapenzi. Akianguka alilaumu boksi.

Nilidhani atataka pesa, au atataka uso wake ufichwe. Alitaka kitu kingine.

"Nifanyie kitu moja tu, dada," aliniambia. "Niache niongee Kiswahili. Huku nimeongea kitoto mpaka wakadhani mimi ni mtoto. Bosi ni mtu poa, lakini ananiongelesha kama mtu wa nasari. Nataka siku moja anisikie nikiongea kama mtu mzima."

Alikuwa ameshamweleza bosi kuhusu filamu, na bosi alicheka akasema atakuja kuitazama. Filamu za wanafunzi zilikuwa zionyeshwe Riyadh, na familia ile ilikuwa na shughuli zake huko, na dereva ndiye angewaendesha. Nikamwahidi. Nikamkalisha juu ya boksi, akasema maneno ambayo sikuyakata hata moja: kwamba wiki nzima anakaa kwa gari akiangalia mlango wa duka, akingoja mtu mwingine amalize maisha yake ndio yeye aendelee na yake. Kwamba miguu inalala mpaka anaisahau. Kwamba Ijumaa akisimama kwa kichwa, damu inarudi pale ilipokuwa imepakimbia, na kwa muda huo mdogo hakuna mtu duniani anayeweza kumwambia yalla, haya upesi.

Niliyawekea maandishi ya Kiarabu chini ya picha. Nilikesha nayo, kwa sababu nilitaka yawe Kiarabu safi, kilichonyooka, kama alivyosema yeye.

Mwalimu wangu aliitazama filamu akaisifu. Wiki iliyofuata nikaingia chumba cha kuhariri nikamkuta na mwanafunzi mwenzangu, yule kijana mchekeshaji wa darasa, amevaa vipokea sauti, mdomo kwenye maikrofoni. Kwenye skrini alikuwa dereva wangu, amekaa juu ya boksi lake, ndevu zimechanwa. Kilichomtoka mdomoni, kwa sauti ya yule mchekeshaji, kilikuwa: "Mimi cheza zuri. Gari taabu. Kichwa chini, mafi mushkila!"

Na wote wawili walikuwa wanacheka.

Mwalimu alinieleza kwa upole, kama mtu anayenifanyia hisani. Maandishi yanachosha watazamaji. Watu wanamjua Mwafrika wa namna hii, wamemzoea kwenye vichekesho vya televisheni vya Ramadhani, wanampenda. Filamu itachangamka. Nikamwambia kwamba mtu yule hakusema hivyo. Akajibu kwamba maana ni ile ile. Maana ni ile ile! Kwa hiyo na yeye, aliyesomea ng'ambo, nikimtafsiri kwa sauti ya mlevi maana itakuwa ile ile. Hilo sikulisema, na ninajuta sikulisema. Nilisema tu kwamba bibi yangu alikuwa akisemeshwa namna hiyo. Akatabasamu.

"Wewe usijitie humo," akasema. "Wewe ni binti yetu."

Binti yao. Nilikusanya vitu vyangu kabla sijatamka neno la kunifukuzisha chuo. Kaka alikuwa akinisubiri garini, nikamwaga yote njiani, naye akaniuliza swali moja la maana: filamu inapelekwa Riyadh na nani? Ilikuwa inapelekwa na mwanafunzi mwenyewe. Usiku ule nikaituma ile yangu, yenye Kiswahili. Alama za mwisho nilizopewa zilikuwa za kunitia adabu, na mpaka leo sijawahi kuzionea aibu.

Ukumbini Riyadh mwalimu alikaa mbele. Kiswahili kilipoanza aligeuza shingo kunitafuta, nikatazama dari. Bosi wa Rawdah alikaa katikati, na dereva wake amesimama ukutani, shati limepigwa pasi, funguo mkononi. Hakuna aliyecheka. Filamu ilipofika kwenye maneno ya kungoja mtu mwingine amalize maisha yake, bosi aliinama mbele kusoma vizuri. Nilimwona. Nikasema moyoni, amesikia.

Baadaye alinijia kwenye korido, mtu mwenye adabu zake, akazungumza nami Kiarabu kizuri mno. Alisema picha zimemgusa. Kisha akasema:

"Na umemwandikia maneno mazuri sana."

Mtu amefunua kifua chake chote mbele ya ukumbi, na aliyemwajiri, anayekaa naye gari moja kila siku, ameona ni rahisi zaidi kuamini kwamba msichana wa chuo ndiye aliyemtungia. Dereva alikuwa amesimama karibu. Kiarabu alikielewa vizuri kuliko alivyokizungumza, kwa hiyo alikuwa ameelewa.

"Mwambie ni mimi," akaniambia.

Nikamwambia bosi, kwa Kiarabu kilichonyooka, kwamba sikumwandikia hata neno moja, kwamba yote ni yake. Bosi akacheka kwa wema, akampiga dereva begani, akamgeukia na kile Kiarabu cha kitoto.

"Wewe zuri, zuri. Yalla, leta gari."

Dereva hakuondoka. Funguo zilikuwa zimetulia mkononi mwake kama anavyotulia mwenyewe akiganda juu ya boksi. Alimtazama bosi, lakini aliyesemeshwa nilikuwa mimi.

"Mwambie tena, dada. Mwambie pole pole, vile yeye huniambia."

Basi nikasogea mbele ya yule bwana mwenye adabu zake. Nikapandisha sauti kidogo, kama muuza duka wa Hindawiya, nikanyoosha kidole kwa dereva, kisha kwangu.

"Maneno haya, yeye," nikamwambia. "Mimi, mafi. Wewe jua?"