Kikao cha Walimu Kwenye Fungu la Mchanga

Mwaka juzi mwalimu mkuu wetu aliamua kwamba kikao cha kufunga muhula kifanyike kisiwani. Shule yetu imezungukwa na mashamba ya mkonge ya Ngombezi, na yeye alisema macho ya walimu yamechoka kuona mkonge. Hakuna aliyebisha. Ukibisha shuleni kwetu unapangiwa kusimamia usafi wa vyoo hadi likizo.

Tulitoka Korogwe alfajiri, na saa nne tulikuwa Pangani tukipanda boti. Mwalimu mkuu alivaa suti. Ni mzaliwa wa Vugiri, huko milimani, na bahari alikuwa ameiona mara mbili, lakini njia nzima alitueleza tabia zake. Mimi, katibu wa vikao, niliandika.

Kisiwa chenyewe kilikuwa fungu la mchanga mweupe, bila mti wala mtu, kaa tu wakikimbia. Nahodha, mzee mpole ambaye sisi wote tulikuwa tumemwamkia shikamoo isipokuwa mkubwa wetu, alituonya kwamba maji yakijaa mchanga wote hufunikwa, kwa hiyo saa saba tuwe tumeshaondoka.

“Mzee, sisi tuna ratiba,” mwalimu mkuu alimjibu.

Tukashusha meza, kitambaa, maua ya plastiki na viti vitatu vya wakubwa. Wengine tulikaa mchangani. Saa saba ilitukuta kwenye hotuba yake kuhusu kutunza muda. Mwalimu wa hisabati aliona kandambili zake zinaelea, akanyoosha mkono. Akaambiwa maswali yatakuwa mwishoni. Meza tuliihamisha mara tatu kuelekea katikati, na kila tulipoihamisha hotuba ilianza tena pale ilipokatikia. Maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu nami bado naandika. Nilikuwa nautaka utaaluma, yaani cheo cha kusimamia masomo, na sikutaka nionekane mwoga.

Aliyetuokoa ni mama mpishi wa shule. Alijitwika sufuria la pilau, akaanza kutembea kwenda kwenye boti. Mwalimu mkuu akamuuliza nani amemruhusu.

“Mimi niliajiriwa kupika, mwalimu. Kuzama hatukukubaliana,” alisema bila kugeuka.

Tulilifuata pilau, wote. Mwalimu mkuu alibaki na meza yake mpaka maji yakagusa magoti ya suruali, ndipo akatangaza, kwa sauti ya mkutano, kwamba ameahirisha kikao. Nahodha alirudi akambeba mgongoni. Meza iliondoka na mkondo, maua yakiwa juu yake.

Kwenye taarifa nilielekezwa niandike kwamba ziara ilifana, changamoto ikiwa ni ufinyu wa ukumbi. Niliandika. Muhula uliofuata nilipata utaaluma, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandaa barua ya onyo kwa mama mpishi kwa kutoka kikaoni kabla hakijafungwa.

Niliipeleka jikoni mwenyewe. Alikuwa akikoroga uji. Aliniomba nimsomee, kwa kuwa miwani aliisahau nyumbani, na nikasoma yote, mpaka mahali pa sahihi. Alisikiliza kwa makini, akauliza kama nimekunywa chai. Nikasema bado. Akanichotea uji, nami nikaunywa nimesimama, barua ikiwa kwapani, nikishindwa kumtazama usoni.