Kabati la Vioo Lililokwenda Kagunga

Shule niliishia kujua kuandika jina langu na kuhesabu chenji, basi. Ila binti yangu wa mwisho kaolewa na mwalimu wa fizikia huko Kagunga, kijana mrefu anayekula kama ndege. Sijui nguvu anazipata wapi.

Mie niliolewa na chungu kimoja na mkeka. Nikaapa wa kwangu ataweka vikombe vyake mahali vionekane. Nikamnunulia kabati la vyombo, milango ya vioo. Yeye na mumewe wakanifuata Kigoma, tukalipakia botini pale Kibirizi, likakaa mbele, juu ya mifuko ya saruji ya mtu mwingine.

Sasa katika ukoo wetu, mkwe na mama mkwe hawasemeshani, sembuse kushikana. Neno hupitia kwa mke. Njia nzima ikawa mwambie mama asogee kivulini, mwambie nimesikia, na tumekaa karibu hata ningeweza kumkanyaga. Binti yangu akachoka, akajifanya amelala.

Tulipokaribia Kagunga nikasimama kwenye pua ya boti, ufuko nimeupa mgongo, nikalikumbatia kabati lisiyumbe. Nahodha akazima injini palepale anapoizimia kila siku. Boti jepesi likizimiwa pale huteleza kidogo, likachoka, likagusa kokoto taratibu. Lakini siku hiyo lilibeba saruji, na halikuchoka. Ufuko sikuuona, niliona nyuso za abiria zikibadilika.

Mkwe akamwambia mkewe anitoe pale. Binti akaniambia. Nikamjibu amwambie nikiliachia, vioo vyote kwisha. Binti akageuka kumpelekea jibu, maskini, kwa adabu zake zote.

Mkwe hakulisubiri.

"Mama, kaa chini."

Akanishika mkono, akaniketisha pembeni juu ya saruji, akasukuma bunda la nyavu za wavuvi lililokuwa kando, likaziba pale nilipokuwa nimesimama. Boti likagonga, likasimama. Kabati halikusimama. Liliendelea na safari yake, likajitupa kwenye zile nyavu kama mtu aliyetoka shamba anavyojitupa kitandani, likazama, likainuka kidogo, likatulia. Hakuna kioo kilichopasuka.

Mkwe akatazama majini kwa aibu. Akamweleza mkewe, ili mkewe anieleze mie, kwamba kitu kizito kikishika mwendo lazima kitasimama, ila kinaweza kusimama ghafla kikavunjika, au kidogo kidogo kikapona. Mbao za boti zingelisimamisha kabati ghafla, na mie katikati. Nyavu zimelipatia muda wa kusimama. Wana neno lao la shuleni, nimelisahau. Nikafikiria papai, jinsi unavyolidaka huku mikono inashuka nalo. Kumbe ndiyo hayo wanayosomea miaka yote.

Binti aliponyamaza nilimtazama mkwe usoni, mara ya kwanza tangu harusi. Ana kovu dogo kwenye nyusi.

"Baba," nikamwambia, "shika upande wa mbele, mie nashika nyuma."

Kilima cha Kagunga kinajulikana. Tulilipandisha wawili, binti anatufuata mikono mitupu, hana wa kumfikishia neno. Mlangoni nikamwambia mkwe alishushe polepole.

"Ndiyo, mama," akasema, na akalishusha polepole kweli.